Koti la Shemeji

Watu wa Migori walisema hoteli yangu ilikufa kwa sababu ya chai. Mpaka leo nikikutana na mtu wa zamani sokoni ataniambia, "Mama, ungepika tu chai ya majani kama wenzako, saa hii ungekuwa na ghorofa." Namwacha aseme. Nimechoka kueleza kwa mdomo. Hapa kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nitaeleza mara moja, na atakayekasirika akasirike.

Mume wangu alikufa mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa homa ya siku nne, akaniacha na wasichana wawili. Alikuwa fundi wa kujenga. Tulimzika kwao Kisegi, karibu na ziwa, ambako nusu ya kuta za mawe zilizosimama pale sokoni alizijenga yeye. Kabla udongo wa kaburi haujakauka nilikuwa nimepata jina jipya. Kwa Kijaluo mjane huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Mke wa kaburi anabeba kifo mwilini mpaka mwanamume wa ukoo amrithi. Kabla ya kurithiwa haingii katika nyumba za watu, hashiki mbegu kabla ya wengine, na paa lake likivuja hakuna wa kupanda kuliziba. Akikaidi, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, itamwandama yeye au watoto wake, wakonde hadi wafe.

Mimi nilikuwa nimebatizwa. Sisi washika Sabato tulifundishwa kwamba hayo ni mambo ya giza, na mume wangu mwenyewe, alipokuwa hai, aliwahi kusimama kanisani akasema akifa mkewe asirithiwe. Watu waliitikia amina kwa nguvu. Mimi niliisikia ile amina nikaiweka moyoni kama akiba, mjinga mimi.

Baada ya mavuno ukoo uliniita. Wazee walikaa upande mmoja, na mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye aliyeteuliwa kunirithi, alikaa upande wa pili akichokonoa meno. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa mchangamfu, mwenye wake wawili, mtu wa kuchekesha watu hata matangani. Miaka ile ugonjwa ule ulikuwa unazunguka katika maboma, mjane anarithiwa na mwaka haupiti kabla ya aliyemrithi naye kuzikwa, na watu walijua, lakini hofu ya chira ilizidi hofu ya ugonjwa. Wazee waliposikia nimekataa katakata, wakanipunguzia. Walisema kwa wale waliobatizwa kuna njia nyepesi. Shemeji analeta koti lake tu, linatundikwa ndani ya nyumba ya mjane, linalala usiku mmoja. Hakuna mtu atakayemgusa mwenzake. Asubuhi kifo kimeondoka, na kila mtu anapumua.

"Koti tu, yuora," shemeji aliniambia, akiniita kwa lile neno letu la mashemeji. "Hata mimi sitakuwa ndani yake."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na hasira ya kufiwa na hasira ya kuchekwa, zote pamoja, nikasimama nikasema maneno ambayo yaliniongoza miaka yote iliyofuata. Nilisema: "Siku mtakayosikia nimelala njaa na wanangu, leteni koti lenu, nitalitundika kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla ya siku hiyo msinijie."

"Sawa," wakasema wazee. "Sisi tutangoja."

Ndivyo hoteli ilivyozaliwa. Ningeweza kusema ilizaliwa kwa maono wakati wa maombi, kama nilivyokuwa nikisema kanisani, lakini ukweli ni kwamba ilizaliwa kwa ubishi. Nilikuwa nimetoa neno mbele ya ukoo mzima, na nilijua kupika.

Nilihamia Migori na wasichana wangu. Nilipata chumba cha mabati kando ya barabara kuu, ile inayotoka Kisii kwenda Isebania, na nyuma yake chumba kidogo cha kulala. Nikamtafuta mchora mabango akaniandikia ubao: Hoteli ya Kikristo, hakuna sigara, hakuna pombe, hakuna chai ya majani, Sabato tumefunga. Mchora mabango aliniuliza, "Sasa mama, si uandike pia chenye kiko?" Nikamwambia watu watajionea wenyewe. Nilipika ugali, ngege na mbuta kutoka ziwani, omena wa kukaangwa kwa nyanya, mboga za osuga zilizolala katika maziwa, maharagwe, uji wa wimbi na mandazi. Mumi na kamongo hawakuingia jikoni mwangu, maana ni samaki wasio na magamba au ambao sisi hatuwahesabu safi, na Wajaluo wengi wanawapenda hao kuliko wokovu. Mahali pa chai nilichemsha mchaichai kwa maziwa na tangawizi. Ilikuwa tamu. Sijisifu, ilikuwa tamu kweli.

Siku ya kufungua, mzee wa kanisa alikuja na kwaya kuiweka wakfu. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzuri ya maombi, na alikuwa rafiki wa mume wangu. Aliomba mpaka jasho likamtoka. Aliiita hoteli yangu taa iliyowekwa kando ya barabara. Kwaya iliimba nyimbo nne. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kukaanga mandazi ya kuwatosha wote, na nilipozungusha sinia, huyu akasema tumbo halijakaa vizuri, yule akasema amefunga, mwingine akachukua moja akalifunga katika leso akisema atampelekea mtoto. Jioni sinia lilikuwa bado limejaa. Niliwagawia makuli wa sokoni, nikajiambia watu wa kanisa wana adabu, hawapendi kuonekana walafi.

Nilimwajiri mwanamke mmoja wa Kikuria kutoka upande wa Isebania, aliyenizidi umri, mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache. Aliniita Mama Wasichana. Tuliamka pamoja, tukapika pamoja, na tulikula pamoja kutoka sufuria moja kila mchana.

Wageni walikula. Madereva wa malori waliokuwa wakienda Tanzania walikula, Wakisii wa ndizi walikula, Wakuria wa ng'ombe walikula wakaomba kuongezewa. Lakini mji ule ni wa Wajaluo, na Wajaluo wenzangu walikuwa wakiingia, wanakaa, wanavuta kiti, halafu mambo yanakwenda hivi:

"Mama, chai iko?"

"Iko ya mchaichai."

"Hiyo ni chai ama ni dawa?"

"Onja kwanza."

"Mimi nataka chai ya majani, ile ya kuamsha mtu."

"Hapa hatupiki hiyo. Iko uji, iko maziwa."

"Ai, mama! Hoteli bila chai ni kama nini sasa?" Na anainuka.

Wengine walikuwa hata hawaulizi, wanasoma ubao wanacheka wanapita. Kwa hiyo niliamini ni chai. Kila mtu aliamini ni chai, au alisema hivyo. Mzee wa kanisa aliniambia ni jaribu, nivumilie. Nilifunga Jumatano, nikafunga na Ijumaa. Niliomba nikiwa nakanda unga, nikiwa napara samaki, mpaka yule Mkuria akaniuliza kama ninazungumza na samaki. Miezi ikaenda. Nilianza kupika kidogo ili chakula kisimwagwe, na kilichobaki tulikula sisi. Wasichana hawakulala njaa hata siku moja, nataka hilo lieleweke. Lakini nilikuwa nimeanza kuota lile koti.

Mwaka wa pili nilishindwa. Nilikwenda dukani nikanunua pakiti ya majani, nikaifunga katika gazeti kama mtu aliyenunua bangi. Nikaifukia ndani ya debe la unga. Asubuhi iliyofuata nilipika chai ya majani, nyeusi kisha nikatia maziwa. Aliyekuwa akinidai chai kwa kelele kuliko wote, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwita. "Njoo, leo iko ya majani."

Alitazama birika. Alitazama mkono wangu uliolishika.

"Siku ingine, mama," alisema.

Na siku ile hakuja mtu zaidi ya wale wale. Chai ilipoa. Nilikuwa nimemkosea Mungu wangu kwa ajili ya birika moja la chai lililokwenda kumwagwa mtaroni, na hata sikujua kwa nini.

Nilijua Agosti, kwenye makambi. Makambi yetu ya mwaka ule yalikuwa Homa Bay, mahema shuleni, mahubiri asubuhi hadi jioni, na wanawake wa kila kanisa wakipika kwa zamu. Mimi, mtu wa hoteli, nilifunga kanga kiunoni nikaenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa ya maharagwe, nikachukua mwiko. Mama shemasi mmoja alikuja akaushika ule mwiko kwa upole. Hakuunyakua. Aliuvuta polepole mpaka ukatoka mkononi mwangu.

"Wewe pumzika, nyaminwa, dada yangu. Leta kuni tu."

"Sijachoka."

"Najua hujachoka." Alitazama kando. "Si mimi. Ni hawa watu watakataa kula. Si unajua bado wewe ni chi liel?"

Palikuwa na wanawake kumi na zaidi pale, wote waliobatizwa, wote wenye Biblia hemani. Mmoja alianza kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Nilileta kuni. Sijui kwa nini nilileta, lakini nilileta kuni siku nzima, na nikiwa nazibeba mambo yakaanza kujipanga kichwani: sinia la mandazi siku ya kuweka wakfu, tumbo ambalo halijakaa vizuri, leso, fundi baiskeli akitazama mkono. Chai ilikuwa kisingizio cha watu wenye aibu. Mjaluo hawezi kumwambia mama wa watu, chakula chako kina kifo. Anauliza chai.

Nilirudi Migori nikaenda kwa mzee wa kanisa, nikamwambia yote. Nilitarajia atakunja uso, apige meza, asimame Sabato inayofuata awakemee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa ile sauti nzuri, "Mama, watu bado ni wachanga kiimani. Wakati mwingine tunawasaidia. Lile jambo la koti... ni kitambaa tu. Mungu anaangalia moyo."

Nilimwuliza kama angeyasema hayo mbele ya kanisa. Akaanza kuniombea. Nikaenda zangu. Njiani nililia kwa hasira hadi mwenye baiskeli mmoja akasimama kuniuliza ni nani amekufa.

Kwenye majani nilikuwa nimeshashindwa. Kwenye koti sitashindwa, nilijiambia. Nikaendelea kupikia madereva na Wakuria na Wakisii, nikaendelea kufunga hoteli Ijumaa jua likizama, hata wiki ambayo hapakuwa na cha kufunga. Watu huita huo uvumilivu. Mimi nilikuwa nauona kama kusimama katika matope kwa sababu ukiinua mguu utaanguka.

Ndipo shemeji akaja, wakati wa mvua kubwa ya Aprili. Alitokea mchana, amelowa kutoka kichwani, na ngege watano katika gunia. Alisema amekuja mjini kwa shughuli zake, akaona si vizuri kupita bila kusalimia watoto wa ndugu yake. Aliwachekesha wasichana wangu mpaka wakaanguka. Nilimkaribisha chakula akasema ameshiba, na mimi safari hii nilijua shibe hiyo ni ya namna gani, lakini sikutaka ugomvi. Alivua koti, koti zito la kijivu la mitumba lenye vifungo vikubwa vya kahawia. Lilikuwa linadondosha maji sakafuni.

"Yuora, acha hii ikauke hapa. Niko kwa rafiki yangu hapo juu, nitapitia kesho."

Akaondoka na shati. Koti lilikuwa juu ya kiti, maji yakienea kuelekea gunia la unga. Nikalichukua, nikalikamua, nikaenda chumbani mwangu nyuma ya jiko, mahali ambapo moto unapasha ukuta, nikalitundika msumarini. Nililinyoosha hata mabega lisikunjamane. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kesho yake hakupitia, wala kesho kutwa. Nilidhani amesahau, maana alikuwa mtu wa kusahau. Koti likakaa.

Wiki iliyofuata fundi baiskeli alivuka barabara, akakaa, akaagiza ugali na ngege. Alikula akalamba vidole. Kesho yake akaja na wawili. Akaja mama wa nyanya, wakaja makarani wa ofisi ya wilaya, wakaja walimu. Ikafika mahali mchana watu wanasimama mlangoni kungoja viti. Yule Mkuria na mimi tulikuwa hatuna hata nafasi ya kujikuna. Mimi niliona mkono wa Mungu. Nikaitoa ile pakiti ya majani kutoka debe la unga nikaitupa chooni na kuomba msamaha, nikarudi kwenye mchaichai, na bado wakaja. Walikunywa mchaichai, jamani! Yule yule aliyeniuliza kama ni dawa aliomba kikombe cha pili. Hata shemeji alipita siku moja, na kwa mara ya kwanza akala kwangu, sahani mbili. Nilipomkumbusha koti lake alisema, "Wacha tu likae. Baridi ya huku ni mbaya, nitakuwa nalivaa nikija."

Sabato moja nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema nimengoja, nimefunga, nimechekwa, na sasa Bwana amefungua mlango bila majani na bila koti la mtu. Nilisema hivyo hasa, bila koti la mtu. Niliona watu wakitazamana, nikadhani wameguswa. Mzee wa kanisa aliitikia amina kuliko wote, na Jumapili alikuja na mkewe wakala kwangu hadharani. Sijawahi kuwa na furaha kama ya wiki zile. Nikizikumbuka natamani kujizaba kofi.

Yule Mkuria ndiye aliyeniambia. Siku hiyo nilikuwa nimeamua kufua, nikalitoa koti msumarini niliweke katika beseni.

"Mama Wasichana, hiyo usitoe leo," alisema.

"Kwa nini?"

"Watu wanaiangalia."

Sikuelewa. Akaniambia kwa yale maneno yake machache, bila kuacha kukata mboga. Alisema kila mgeni mpya humwuliza yeye kwanza, koti liko? Wengine hujifanya wanakwenda kunawa mikono nyuma ili wachungulie kupitia pazia. Alidhani ninajua. Alidhani nimekubali. "Nilisema labda nyinyi Wajaluo mnafanya hivi," alisema. "Mimi sikutaka kuingilia."

Shemeji alikuwa ametangaza kutoka Kisegi mpaka Magunga na soko zima la Migori kwamba koti limelala kwa mke wa kaburi, na kwamba yeye hakulitundika, mjane mwenyewe ndiye aliyelitundika, kama alivyoahidi mbele ya wazee. Nilifunga hoteli katikati ya mchana nikaenda kwa mzee wa kanisa. Nilimwuliza swali moja, kama alijua. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo akiulizwa waziwazi, kwa hilo namsifu. Alisema yeye ndiye aliyemshauri shemeji ajifanye amelisahau koti.

"Nilikutakia mema," alisema. "Ulikuwa unakwisha. Na umeona mwenyewe, Mungu amebariki."

"Mungu gani?" nilimwuliza.

Hapa ningependa kusema kwamba niliondoka pale moja kwa moja nikaweka mambo wazi. Sikufanya hivyo. Nilirudi nikafungua hoteli, na koti nikalirudisha msumarini. Mkubwa wangu alikuwa aingie sekondari mwaka uliofuata. Wasichana walikuwa wamepata viatu, walikuwa wameanza kunenepa, nami nilijiambia kwamba mimi sijui chochote, koti ni la mtu aliyesahau, kama watu wanajidanganya ni shauri lao. Sabato mbili nilikaa kanisani nikiwa na siri hiyo. Watu walinisalimia kwa mikono miwili. Mama shemasi wa mwiko alinikumbatia. Kila aliyenikumbatia alikuwa anamkumbatia mwanamke aliyerithiwa, na mimi niliyekuwa ndani yake nilikuwa sipo. Na kila nilipofumba macho kuomba niliusikia ushuhuda wangu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele za Mungu nikamshukuru kwa kazi ya koti.

Sabato ya tatu nililikunja lile koti nikalitia katika kikapu, nikaenda nalo kanisani. Wakati wa shuhuda nilisimama. Nikalitoa nikalishika juu kwa mabega yake, waone.

"Nilitoa ushuhuda hapa, nikasema uongo bila kujua," nilisema. "Koti hili lilikuwa limelowa, nikalianika. Sijalipokea. Sijarithiwa na mtu wala na nguo. Mmekuwa mkila kwa mke wa kaburi miezi hii yote, na nawaona wote mko hai. Anayetaka kuja kesho aje akijua hivyo."

Hakuna amina. Mtoto mmoja alilia nyuma akatolewa nje. Mzee wa kanisa alitangaza wimbo, na sauti yake nzuri ilikwama kwenye namba.

Kesho yake tulipika kama kawaida. Fundi baiskeli hakuvuka barabara. Mchana kulikuwa na dereva mmoja wa lori, na yule Mkuria, na mimi. Jumatatu hakukuwa hata na dereva. Mtu alikuwa ameandika kwa mkaa chini ya ubao wangu, baada ya yale mambo yote ambayo hayakuwepo, kwamba hakuna watu. Nilivumilia mpaka mwisho wa mwezi wa saba, nikauza viti na meza, yule Mkuria akapewa sufuria kubwa na nusu ya sahani, tukaagana bila maneno mengi. Alisema tu, "Chakula chako hakina kitu." Kwa Mkuria yule hiyo ilikuwa hotuba.

Nilirudi Kisegi na wasichana. Nyumba ilikuwa inavuja pembe mbili na haikuwa na wa kupanda kuiziba. Huko Migori kanisani, nilisikia, mzee aliomba kwa ajili yangu ili nipate unyenyekevu. Sikuacha kuomba mimi pia, wala sikuacha Sabato, wala siwezi kueleza vizuri kwa nini. Ninaomba kwa hasira. Labda ndiyo imani niliyobakiwa nayo, na si nzuri ya kuonyesha watu.

Siku ya pili baada ya kufika, shemeji alikuja. Ilikuwa saa saba mchana, nilikuwa nimesonga ugali na omena walikuwa jikoni wanachemka. Alisimama mlangoni, hakuchekesha mtu.

"Yuora, hoteli imekufa. Ulisema maneno yako mbele ya wazee. Wamenituma."

"Nilisema mkisikia nimelala njaa," nikamjibu. "Keti."

Akaketi. Nikainuka kuishusha sufuria ya omena motoni. Nilikuwa nimelikata lile koti vipande vipande Migori, wiki ya mwisho, nikavishonea pindo, maana kitambaa kizito kama kile ndicho kizuri cha kushikia sufuria, hakiunguzi. Nilishika sufuria kwa vipande viwili, nikaitua mbele yake. Kimoja kilikuwa bado na kifungo chake kikubwa cha kahawia. Aliangalia kifungo kwa muda mrefu.

Nikapakua sahani mbili, ugali na omena na mboga, yake na yangu, na wasichana nikawapakulia nje. "Nenda uwaambie ulivyotukuta," nilisema. "Lakini kwanza kula, umetembea jua lote hili."

Alikuwa na njaa, niliona. Aliunyoosha mkono mpaka ukingoni mwa sahani, ukakaa pale, kisha akaurudisha gotini. Akainuka akatoka, na nilimwona akipita kando ya kaburi la ndugu yake bila kuligeukia. Mimi nilinawa mikono nikaomba baraka ya chakula kwa sauti, asikie akiwa njiani. Nikala sahani yangu, nilipomaliza nikavuta na yake.